Mhadhiri amerudi na PhD: namna ya kumbakiza chuoni

Barua nyingi za kuacha kazi zinazofika mezani kwangu, ofisi ya utumishi ya chuo kikuu cha umma, huandikwa na watu waliorudi masomoni karibuni. Mkataba wa masomo, ule wa kukitumikia chuo ukirudi au kurudisha gharama, hauwazuii. Mwajiri mwingine anayemtaka mtu kweli humlipia hata deni hilo.

Hatua ya 1. Fungua jedwali la Excel: jina, nchi, mfadhili, tarehe ya kumaliza. Wengi wamepelekwa masomoni na HEET, mradi wa kuimarisha elimu ya juu Tanzania kwa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, kwa hiyo watarudi kwa mkupuo.

Hatua ya 2. Ingiza cheo chake kipya kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi na vyeo vinavyoombewa fedha, kabla hajarudi. Hapa ndipo tunapoharibu. Mhadhiri Msaidizi akipata PhD hutarajia kuwa Mhadhiri, lakini cheti peke yake hakileti mshahara. Cheo lazima kiwe kimetengewa fedha. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na ikama huandaliwa miezi mingi kabla. Anayetarajiwa Septemba awe ameshaingizwa. Ukisubiri aripoti, atafundisha mwaka mzima kwa mshahara wa zamani huku wanafunzi wakimwita Dokta. Niliwahi kumsahau mmoja. Aliniuliza mara tatu kwa upole. Mara ya nne alikuja na barua.

Hatua ya 3. Aliyesoma nje anahitaji utambuzi wa shahada yake kutoka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mtumie orodha ya viambatisho angali huko, maana kufuatilia transkripti ukiwa Dodoma ni kazi.

Hatua ya 4. Meza, kiti, kompyuta, ufunguo. Mkumbushe mkuu wa idara, tena kwa maandishi.

Hatua ya 5. Linda muda wake. Idara ikipata mtu mpya humbebesha kozi tano pamoja na kamati ya ratiba. Lakini Uhadhiri Mwandamizi unataka machapisho, na machapisho hayaandikwi usiku wa kusahihisha mitihani. Omba apunguziwe vipindi mwaka wa kwanza.

Hatua ya 6. Baada ya miezi mitatu mwite, mkae wawili. "Dokta, nini kinakuchosha hapa?" Usiutaje mkataba. Andika anayosema, kisha mjibu kila jambo ndani ya wiki mbili. Yapo usiyoyaweza, kama nyumba ya chuo. Mwambie siku hiyo hiyo kwamba huna.