SOMO: Kuomba zuio la muda (amri ya mahakama ya kumzuia mtu kufanya jambo hadi kesi iamuliwe) kwenye kesi ya madai

Swali linalojirudia humu ni hili: "Jirani anajenga kwenye kiwanja changu Buswelu, Mwanza, namzuiaje?" Majibu yote haya hapa, someni kwanza.

1. Fungua kesi ya msingi. Zuio halisimami peke yake, isipokuwa la Mareva (lipo kwenye MASWALI chini). Kama ni ardhi na unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, anzia Baraza la Kata upate hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Siku 30 zikipita bila suluhu, endelea bila hati.

2. Andaa chemba samansi (hati ya maombi inayomwita mwenzako kusikilizwa) chini ya Amri ya XXXVII, Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33.

3. Hati ya kiapo. Maombi mengi yanafia hapa. Kiapo ni ushahidi, kwa hiyo weka unayoyajua mwenyewe. Ulichoambiwa, mtaje aliyekuambia. Hoja za sheria na maombi ("naiomba mahakama...") visiingie kabisa. Kwenye uthibitisho (sehemu ya mwisho ya kiapo unapothibitisha uliyoyasema) tenganisha aya unazozijua na zile ulizoambiwa. Kabla ya kuondoka kwa kamishna wa viapo, hakikisha ameandika MAHALI na TAREHE ya kuapa; vikikosekana, wakili wa upande wa pili anakuja na pingamizi la awali (hoja ya sheria ya kutaka maombi yatupwe kabla ya kusikilizwa), na wakati mnabishana ukuta unapanda.

Ndani ya kiapo gusa masharti matatu ya kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe (1969): kuna hoja nzito ya kuamuliwa na dalili ya kushinda, bila zuio utapata hasara isiyofidika, na ukinyimwa utaumia kuliko mwenzako akizuiwa. Angalizo: ukiandika "nitapoteza milioni 8" umejifunga mwenyewe, maana hasara yenye bei inalipika. Eleza kisichorudi: makaburi ya familia, nyumba pekee mnayoishi.

4. Kama jambo ni la haraka, ambatisha hati ya dharura. Kanuni ya 4 ya Amri ya XXXVII inataka mwenzako apewe taarifa, isipokuwa kuchelewa kutaua lengo la zuio. Dharura ithibitishwe: tangazo la mnada, picha za msingi uliochimbwa.

5. Ukipata amri ya zuio, chukua nakala yenye muhuri, mfikishie mdaiwa na fundi au dalali wake, utunze uthibitisho wa kupokea. Muda wake hauzidi miezi 6, na ukiongezwa jumla haizidi mwaka 1.

MASWALI

— Mkuu, bila kesi siwezi kupata zuio?
Soma hatua ya 1.

— Halmashauri wanabomoa na notisi yangu ya siku 90 (ya kusudio la kushitaki) haijaisha. Kesi siwezi kufungua. Nifanyeje?
Swali zuri sana. Hapo unaomba zuio la Mareva Mahakama Kuu, Kanda ya Mwanza, la kukulinda hadi notisi iishe na kesi ifunguliwe. Ambatisha nakala ya notisi yenye muhuri wa kupokelewa, na uwaunganishe halmashauri na Mwanasheria Mkuu. Bila notisi hiyo, Mareva haina mguu.

— Zuio langu liliisha wiki jana, naongezaje?
Amri iliyokufa haiongezwi. Andaa maombi mapya. Ilipaswa uombe kabla.

— Tunagombea injini ya mtumbwi, mwenzangu anataka kuihamishia Ukerewe. Inahusu?
Inahusu, Amri ya XXXVII si ya ardhi tu. Andika namba ya injini kwenye kiapo, na uombe pia itunzwe mahali mahakama itakapoelekeza. Zuio la kutouza peke yake halizuii injini kutumiwa hadi ichakae.

— Nyongeza kuhusu picha: semeni ndani ya kiapo nani kapiga, lini na kwa simu gani.
Sahihi kabisa. Na msiifute ile ya asili kwenye simu.