Kuchagua deki nafuu ya kuchezea diski za SACD

Wengi wanaotaka kusikiliza diski za SACD, yaani diski za muziki zenye ubora wa sauti wa juu kuliko CD ya kawaida, bila gharama kubwa huanza kwa kutafuta deki, ilhali kinachopaswa kuchunguzwa kwanza ni matundu yaliyo nyuma ya amplifaya waliyo nayo. Sony na Philips, waliozindua mfumo huu mwaka 1999, waliuwekea kinga dhidi ya kunakiliwa, kwa hiyo sauti yake halisi haitoki kupitia matundu ya sauti ya kidijitali, yaani la optiko wala la koaksia. Zimebaki njia kuu mbili: HDMI, ambayo iliweza kubeba sauti hiyo kuanzia toleo la 1.2 la mwaka 2005, na nyaya za kawaida za analojia zenye vichwa vyekundu na vyeupe.

Mwenye amplifaya yenye HDMI anaweza kununua deki ya Blu-ray kama Sony UBP-X700 au UBP-X800. Deki hizo hazina kabisa matundu ya analojia, hivyo mwenye amplifaya ya zamani atakuwa ametupa fedha. Huyo atafute deki ya DVD iliyotumika, mathalani Oppo DV-980H, ambayo husoma SACD na DVD-Audio (DVD za muziki) na hutoa sauti kwa njia zote mbili. PlayStation 3 za mwanzo, zenye matundu manne ya USB, nazo husoma SACD, ila kwa umri wake mimi singeitegemea.

Deki iliyotumika ijaribiwe kabla ya kulipiwa, na hapa ndipo wanunuzi hudanganyika. Diski nyingi za SACD zina tabaka la pili la CD ya kawaida. Jicho la leza likichoka, deki huweza kushindwa kusoma tabaka la SACD lakini ikaendelea kupiga lile la CD, na muziki ukasikika kana kwamba hakuna kasoro. Hakikisha kioo cha deki kinaandika SACD, kisha ruka hadi wimbo wa mwisho. Soma pia kibandiko cha umeme: deki nyingi zilizotengenezewa Marekani huandikwa volti 120 tu na za Japani volti 100 tu, nazo huweza kuungua zikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240.

Ukiunganisha kwa HDMI na spika zikawa kimya, ingia kwenye mipangilio ya deki ubadilishe DSD (mfumo wa sauti wa SACD) kuwa PCM (mfumo wa kawaida wa sauti ya kidijitali), kwani si kila amplifaya hupokea DSD.