Aliyepasuliwa kongosho akirudi nyumbani: nazi haina kosa

Upasuaji wa Whipple, ule wa saratani iliyokaa kwenye kichwa cha kongosho, huondoa vitu vingi kwa mkupuo mmoja: kichwa chenyewe cha kongosho, mwanzo wa utumbo mwembamba, kibofu cha nyongo, kipande cha mrija wa nyongo, na mara nyingine sehemu ya tumbo. Kinachobaki huunganishwa upya mahali patatu. Mambo yakienda sawa, mgonjwa hulala hospitali wiki moja hadi mbili, kisha mnakabidhiwa mtu wenu na mfuko wa dawa. Kuanzia hapo kazi kubwa ni ya jikoni.

Kosa linalojirudia ni hili: mgonjwa anakula wali wa nazi, anaharisha choo chenye mafuta, na nyumba nzima inaamua kwamba nazi ndiyo adui. Anakatazwa nazi, maziwa, mayai na samaki wa mafuta, anabaki na uji mweupe na chai ya rangi. Baada ya mwezi nguo hazimkai. Kilichopungua ni maji ya kongosho yanayosaga mafuta, na badala yake ni vidonge vya vimeng'enya. Kama hakuandikiwa, mrudini daktari mkaulize.

Nguvu ya vidonge hivyo huhesabiwa kwa uniti za lipesi, kimeng'enya kinachosaga mafuta, na namba huandikwa kwenye chupa. Dozi ya kuanzia kwa watu wazima mara nyingi ni uniti 40,000 hadi 50,000 kwa mlo kamili, na 10,000 hadi 25,000 kwa kitafunio. Kidonge kimoja cha 10,000 kwa sahani ya biriani ni kama hakuna. Daktari ndiye hupandisha dozi. Wewe mpelekee taarifa sahihi.

Wakati wa kumeza ndio unaowashinda wengi. Kidonge kiende na tonge la kwanza. Mlo ukizidi dakika 15, kama ilivyo kwa wanaokula sinia moja huku wakizungumza, gawa: nusu mwanzoni, nusu katikati. Akimeza baada ya kunawa, chakula kimeshatangulia. Ameze kwa maji ya kawaida, si kwa chai ya moto, kwani joto huua vimeng'enya. Kidonge kisisagwe wala kutafunwa. Akishindwa kumeza, kifungue ganda, nyunyiza chembe za ndani kwenye kijiko cha jemu, ameze bila kutafuna, kisha anywe maji. Chembe zikibaki mdomoni huleta vidonda. Chai ya maziwa nayo inahitaji kidonge, na mahamri pia. Maji, chai ya rangi na tunda tupu havihitaji.

Vingi vya vidonge hivi hutakiwa vikae chini ya nyuzi 25, na Lamu au Malindi mchana hupita hapo. Chupa isikae dirishani wala mfukoni mwa koti kwenye boti. Iweke chumba chenye baridi kuliko vyote, na ukitoka chukua vya siku hiyo tu.

Kuna swali ambalo wengi huogopa kuliuliza hospitalini: vimeng'enya hivi hutokana na kongosho la nguruwe. Ni kweli. Mgonjwa Mwislamu aambiwe mapema, aende kwa shehe wake na maelezo ya daktari. Wanazuoni wengi huruhusu dawa kwa dharura pasipo na mbadala. Akigundua mwenyewe baadaye, atavitupa kimyakimya na nyote mtashangaa kwa nini anakonda.

Sasa sahani. Wagonjwa husema hushiba kwa vijiko vitatu, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa huwageuza moyo. Hawadeki, tumbo huchelewa kumwaga chakula kwa wiki kadhaa. Tumia kisahani cha kikombe, mara sita hadi nane kwa siku. Aanze na kitoweo: changu wa kuchemsha au yai, kisha wali laini. Maji yasubiri nusu saa baada ya kula, yasije yakachukua nafasi ya chakula. Wiki za mwanzo pweza, nyama ngumu na kachumbari vingoje. Kaimati na chai tamu juu ya tumbo tupu humtoa jasho, moyo ukamwenda mbio, kisha akaharisha.

Sukari ipimwe nyumbani kwa kipimo cha kidole, hata kama hakuwa nayo kabla. Aliyeandikiwa insulini asichomwe dozi ya chakula halafu akashindwa kula: mwili wake hauna tena akiba nzuri ya kuinua sukari ikishuka. Kufunga Ramadhani ni jambo la kuzungumza na daktari kabla mwezi haujaandama.

Dozi ya vimeng'enya ikiwa ndogo choo huwa cheupe, kinaelea, kinanuka kupita kawaida na kinang'ang'ania bakuli. Kwenye choo cha shimo huoni hayo, basi tegemea mizani: siku ileile kila wiki, asubuhi kabla ya kula. Andika. Kilo mbili zikishuka kwa wiki moja, piga simu.

Wa visiwani asikimbilie kurudi. Kuvuja kwa maungio na kutoka damu hutokea zaidi wiki za mwanzo, kwa hiyo ni bora akae kwa jamaa aliye karibu na hospitali aliyopasuliwa mpaka kliniki ya kwanza ipite. Akisharudi Amu, yaani Lamu, muwe na namba ya nahodha anayekubali kuvuka usiku hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, na ya gari upande wa pili. Homa ya nyuzi 38, macho ya manjano, kutapika siku nzima, kutapika damu, choo cheusi kama lami, mguu mmoja kuvimba au pumzi kubana havingoji asubuhi. Asibebe kitu kizito kwa wiki 6 hadi 8; dumu la lita 20 ni kilo 20. Karatasi ya hospitali na chupa za dawa zisafiri naye, mkononi mwa mtu mmoja anayejulikana.