Tanki gani ulichukue World of Warcraft ukiwa na mtandao wa Mbeya

Kabla hujachagua tanki, yaani mhusika anayepokea kipigo kwa niaba ya kundi kwenye gemu hii ya mtandaoni, weka kishale cha mausi juu ya kitufe cha menyu ya gemu usome milisekunde zako, yaani muda ambao amri yako inachukua kwenda kwenye seva na kurudi. Seva tunazotumia ziko Ulaya. Hapa Uyole, kwa bando la simu, mimi sishuki chini ya 150, na mvua za Machi zikikaza napita 300. Video nyingi za kulinganisha matanki zimetengenezwa na watu wanaokaa jirani na seva, hivyo hazigusi kabisa jambo linalotuua sisi: amri inayofika imechelewa.

Kazi yenyewe ni moja kwa aina zote sita za matanki. Kwenye danjeni ya watu 5 (eneo la maadui na mabosi, yaani maadui wakubwa) kuna tanki mmoja, mponyaji mmoja na wapigaji watatu. Tanki anatangulia, anawafanya maadui wamng'ang'anie yeye, anamgeuza bosi asiwatazame wenzake, na anapunguza kipigo ili mponyaji asiishiwe mana, nguvu zake za uchawi. Tofauti iko kwenye namna ya kupunguza.

Mgeni namwanzishia Druid, yule anayegeuka dubu. Ironfur inaongeza deraya, na ukiibonyeza tena kabla ya ile ya kwanza kuisha, zinarundikana. Unaiweka kipigo kikiwa bado njiani, kwa hiyo ucheleweshaji haukuumizi sana. Uchawi ndio unaompenya, maana deraya huzuia mapigo ya mwili tu. Bosi akianza kukusanya uchawi mkubwa, wahi mapema Barkskin, inayopunguza kila aina ya kipigo.

Paladin namweka wa pili. Analindwa akisimama ndani ya Consecration, ardhi aliyoibariki, kwa hiyo bosi wa kukukimbiza huku na huko anamtesa. Ila ngao yake ya kurusha inagonga maadui watatu na kuwakatiza wachawi wakiwa mbali, na Lay on Hands inamrudishia mwenzako uhai wote. Warrior naye ni mzuri, mradi ukumbuke Shield Block, kukinga kwa ngao, kila mara. Sina mengi ya kumsema.

Monk watu wanamwogopa bure. Stagger inafanya kama daftari la mkopo dukani: sehemu ya kipigo haikatwi sasa, unailipa kidogokidogo. Deni likikua, Purifying Brew inalifuta nusu. Hapo mtandao ukisita kidogo huanguki papo hapo, lakini jicho lisitoke kwenye deni.

Death Knight ndiye ninayemkataza mtu wa bando. Death Strike inamponya kulingana na kipigo alichopokea sekunde 5 zilizopita, yaani anasubiri aumie ndipo apige. Amri ikichelewa uhai ukiwa umebaki kiduchu, kwisha habari. Mdogo wangu hanisikii. Anamchezea usiku wa manane mtandao ukitulia. Demon Hunter anaruka na kupaa vizuri sana, mara nyingi hadi nje ya daraja.

Mpaka levo ya 20 gemu ni bure, kwa hiyo onja Druid na Paladin kwanza. Ukishalipia na kupanda, jifunzie kwenye danjeni za wafuasi, zilizoongezwa 2024: wenzako wanaendeshwa na kompyuta, hakuna wa kukutukana. Vuta kundi moja moja la maadui. Na ruta iwe na betri yake, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya bosi, tanki ndiye mtu wa kwanza kutafutwa.