Figo zina shida na unatumia omeprazole? Anza na swali hili

Ninapokaa na mgonjwa wa figo kupitia dawa zake, humwomba aje na mfuko mzima, hata zile alizojinunulia bila cheti cha daktari. Tunazimwaga mezani. Mara nyingi sana limo boksi la omeprazole, pantoprazole au ndugu zake, yaani dawa za kupunguza tindikali ya tumbo, nami huuliza: nani alikuandikia, na kwa ajili ya nini? "Nilipewa zamani" ndilo jibu ninalolizoea.

Kwa hiyo tafuta sababu kwanza. Kiungulia cha kawaida hutibiwa wiki 4 hadi 8, kisha dawa huangaliwa upya. Lakini kama uliwahi kuvuja damu kwa kidonda cha tumbo, au unatumia aspirini pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda, usiiache bila daktari. Damu ikivuja tumboni, figo dhaifu nazo huumia.

Hofu iliyopo haikuzuka hewani. Mwaka 1992 kiliripotiwa kisa cha kwanza cha omeprazole kuleta uvimbe wa kimzio ndani ya figo. Ni nadra, ila upo. Mwaka 2016 utafiti wa Marekani ukaonyesha kuwa watumiaji wa dawa hizi walipata ugonjwa sugu wa figo zaidi kuliko wengine. Huo ulifuatilia watu tu, na wanaoandikiwa dawa hizi mara nyingi wana maradhi mengine tayari. Kisha jaribio la COMPASS, lililotoa matokeo mwaka 2019, likawagawa kwa bahati nasibu watu zaidi ya 17,000: wengine pantoprazole, wengine kidonge kisicho na dawa, kwa takriban miaka 3. Kilichozidi waziwazi kwa waliopewa pantoprazole ni maambukizi ya utumbo, si ugonjwa wa figo. Msimamo wangu ni huu: dawa isiyo na sababu iondoke, yenye sababu ibaki, kwa dozi ndogo inayotosha, na vipimo viendelee.

Vipimo gani? Kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) na mkojo, kwa ratiba ya kliniki yako. Ukipita mwaka ukiitumia dawa hii, au ukitumia dawa za kukojosha kama furosemide, omba na kipimo cha madini ya magnesiamu, kwa sababu inaweza kushuka kimyakimya hadi misuli ikakaza na moyo ukapiga ovyo. Kreatinini ikipanda ghafla, itaje dawa hii mwenyewe. Usisubiri homa na vipele, wengi wenye ule uvimbe wa kimzio hawavipati.

Mkikubaliana kuiacha, mimi napendelea kupunguza taratibu: kutoka miligramu 40 hadi 20, kisha siku unameza, siku unaruka. Tumbo likizoea kuzuiwa, ukiliachia hutoa tindikali kwa fujo kwa wiki kadhaa. Kiungulia hicho si lazima kiwe ugonjwa uliorudi.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko hapo hapo, mtu anapokimbilia dawa ya kiungulia ya kutafuna au ya maji. Nyingi zina magnesiamu au alumini, na figo zilizochoka hushindwa kuzitoa. Sodiamu bikaboneti huongeza sodiamu mwilini (ile uliyoandikiwa na daktari wa figo ni habari nyingine, endelea nayo). Famotidine, dawa ya aina nyingine ya kupunguza tindikali, yaweza kusaidia, lakini hutoka kwa njia ya figo, hivyo dozi ipunguzwe. Ikizidi, hasa kwa mzee, mtu huchanganyikiwa akili. Ndugu yake, cimetidine, hupandisha kreatinini kwenye majibu ya maabara bila figo kuharibika, ikatutia wasiwasi bure.

Uliyepandikizwa figo na unatumia mycophenolate mofetil (dawa ya kuzuia mwili kuikataa figo hiyo), waambie wanaokuhudumia kabla ya kuanza au kuacha omeprazole, maana huzuia dawa hiyo kufyonzwa vizuri.

Na kwenye kadi yako ya kliniki, mbele ya jina la dawa, mwombe daktari aandike mambo mawili: sababu, na tarehe ya kuiangalia tena.