Jinsi ya kutoa lignini kwenye mabua ya mtama

Baada ya mavuno, mashamba ya mtama ya Bahi, Chamwino na Kongwa, mkoani Dodoma, hubaki na mabua ambayo sehemu huliwa na mifugo na sehemu huchomwa moto. Lignini ndiyo gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za bua hilo na kulifanya lisimame. Kwa kuwa imejengwa kwa viunzi vya fenoli, aina ya kemikali, viwanda huitumia kupunguza fenoli itokanayo na petroli katika gundi za mbao, na nchini Norwei kampuni ya Borregaard hutengeneza vanilini, kiungo chenye harufu ya vanila, kutokana na lignini ya miti.

Kwanza ng'oa majani yote uwaachie ng'ombe. Wengi wangependa kuiruka kazi hii, lakini majani ya nafaka yana silika nyingi, madini yaleyale ya mchanga, ambayo huyeyuka katika kostiki soda na baadaye kushuka pamoja na lignini, ukaishia na unga uliojaa majivu. Yakatekate mabua makavu vipande vya sentimita moja au mbili.

Kwa gramu 100 za vipande, tumia lita moja ya maji na gramu 20 za kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Vaa glavu na miwani, kisha tia soda kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda. Sufuria ya aluminiamu haifai kabisa, kwani soda huila huku ikitoa gesi ya haidrojeni. Tumia ya chuma cha pua. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi. Chemsha kwa saa tatu, ukiongeza maji yanapopungua.

Chuja kwa kitambaa kizito. Nyuzi zinazobaki, zikisuuzwa vizuri, zinafaa kwa karatasi ngumu.

Kazi yenyewe iko kwenye maji meusi. Yahamishie kwenye chombo cha kioo kinachostahimili joto, yakiwa na nyuzijoto 60 hivi, kisha dondoshea polepole asidi mpya ya betri huku ukikoroga mahali penye hewa. Ile ya betri kuukuu ina madini ya risasi. Povu litapanda, na rangi ya kahawa chungu itageuka kuwa ya chai ya maziwa. Endelea hadi karatasi ya kupimia ionyeshe pH (kipimo cha uasidi) 2 au 3. Ukitia asidi maji yakiwa baridi, lignini hushuka laini kama uji na kuziba kitambaa.

Chuja tena, suuza kwa maji yenye asidi kidogo, kisha anika kivulini. Upepo mkavu wa kiangazi unatosha. Unga halisi ni wa kahawia, haukubali kuyeyuka katika maji matupu, lakini huyeyuka upesi ukitiwa soda kidogo. Maji machafu yaondolee ukali wa asidi kwa chokaa kabla ya kuyamwaga, mbali na korongo na kisima.