Behewa la kulala la zamani: anza na paa, godoro lije mwisho

Behewa la kulala halichakai sawasawa. Chini, kwenye bogi (vigari vya magurudumu vinavyobeba behewa) na fremu, kuna chuma kinene kilicholowa mafuta ya miaka mingi, na kinaweza kukaa kwenye nyasi muda mrefu bila kudhurika sana. Uharibifu unatoka juu. Tone la maji linapenya kwenye tundu la hewa la paa, linateremka ndani ya ukuta nyuma ya mbao, linatuama chini ya dirisha. Miaka kumi baadaye mbao bado inang'aa, lakini bamba la nje unalitoboa kwa bisibisi. Anayeanza na viti na mapazia kwa sababu ndivyo vitakavyopigwa picha atavifumua tena baada ya masika ya kwanza.

Mwongozo huu unalenga kikundi kilichopata behewa la njia ya mita 1, yaani upana kati ya reli mbili, na kinachotaka kuliweka kama onyesho Nakuru, Kisumu au popote kwenye reli ya magharibi. Behewa halitarudi safarini. Hilo linapunguza kazi ya breki na magurudumu, ila halipunguzi kazi ya paa hata kidogo.

Kwanza, lionyeshe mwaka gani?

Reli ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, mwaka 1901. Mwaka 1948 reli za Afrika Mashariki ziliunganishwa kuwa East African Railways and Harbours. Bandari zikatenganishwa na reli mwaka 1969. Mwaka 1977 jumuiya ikavunjika na kila nchi ikabaki na reli yake. Behewa lililopitia vipindi hivyo lina rangi, nembo na vitasa vya kila kimoja. Ukichanganya blanketi la enzi moja na nembo ya enzi nyingine, mzee aliyefanya kazi kwenye treni ya usiku atakuumbua mlangoni. Chagua mwaka mmoja, uandike ukutani mwa karakana, na kila uamuzi uupime kwa mwaka huo.

Rangi ya mwaka huo iko chini ya rangi unayoiona. Tafuta sehemu isiyopigwa sana na jua, kama chini ya ukingo wa paa au nyuma ya kibao cha namba. Chora duara la upana wa sentimita 3, kisha sugua katikati kwa msasa wa maji namba 240, halafu 400, halafu 800, ukipanua taratibu. Tabaka zitajitokeza kama maganda ya kitunguu kilichokatwa. Tabaka isiyong'aa, yenye chokaachokaa, ni ya msingi tu. Ile laini iliyo juu yake ndiyo rangi iliyoonekana na abiria. Piga picha kivulini mchana, pamoja na rula. Fanya hivyo sehemu nne tofauti, kwa sababu mlango mmoja unaweza kuwa umetoka kwenye behewa jingine.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, pata makubaliano ya maandishi na mwenye behewa, ambaye mara nyingi ni Kenya Railways. Kisha, wiki hiyohiyo, ng'oa vitu vya shaba na vibao vya namba uvifungie stoo. Wanunuzi wa vyuma chakavu hawangoji ufunguzi. Kila kitu kipate mfuko wake na alama inayosema kilikotoka: C-DIR-2-04 ni chumba C, dirisha la pili, kipande cha nne. Andika kwa penseli kwenye karatasi ngumu, maana wino wa kalamu hufifia kwa unyevu. Skrubu nazo zirudi kwenye tundu zilezile. Zimechakaa pamoja na tundu zake, na skrubu mpya haitashika vizuri.

Vumbi lenye sumu

Chukulia kwamba rangi yote ya zamani ina risasi, kwa hiyo usiisugue ikavu wala kuichoma kwa moto wa gesi. Tumia dawa ya kuondoa rangi au msasa wenye maji, na mabaki yakusanywe kwenye ndoo yenye kifuniko. Nyuma ya mbao za ukuta unaweza kukuta nyuzi za kijivu zilizopakwa au kujazwa kuzuia joto na kelele. Huenda ni asbesto. Hapo kazi inasimama: funga chumba, peleka sampuli kupimwa, na uondoaji ufanywe na wenye kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Barakoa za kitambaa hazizuii vumbi la aina hii. Kinyesi cha popo na njiwa kinyunyizie maji kabla ya kufagia.

Mahali pa kulisimamisha

Uzito wa behewa tupu mara nyingi umeandikwa ubavuni au kwenye ncha yake. Kama maandishi yamefutika, panga kwa tani 35 hadi upate kipimo. Kwa magurudumu manane hiyo ni karibu tani 4.4 kwa kila gurudumu, na udongo mweusi wa nyanda za Kano, karibu na Kisumu, hautavumilia hilo bila msingi. Chimbua udongo laini, shindilia murramu, halafu mwaga kokoto ya inchi 2. Kwa reli ya mita 24, kitanda cha upana wa mita 2.5 na kina cha sentimita 25 kinameza mita za ujazo 15. Mataruma, yaani vipande vya kulalia reli, yakipangwa kila sentimita 70 utahitaji 35. Ya chuma yanafaa kuliko ya mbao kwa sababu mchwa hana la kufanya nayo. Reli iwe sawa kabisa kwa pimamaji, kwani behewa likiinama milango inajifungua yenyewe na maji yanasimama upande mmoja wa paa.

Banda la mabati lije kabla ya behewa, si baada. Hakuna rangi inayoshindana na kivuli. Acha nafasi ya mita 1 juu ya paa la behewa ili hewa ipite, na mabati yatokeze mita 1.5 kila upande. Kisumu mvua ya alasiri huja na upepo wa ziwa na kupiga kwa mshazari. Nakuru adui mkubwa zaidi ni vumbi jepesi linaloingia kila mwanya, kwa hiyo huko zingatia zaidi mipira ya milango. Pesa ya banda ikichelewa, usilifunike behewa kwa turubai lililobana. Usiku unyevu unaganda chini ya turubai na kudondokea paa lilelile unalojaribu kuokoa. Turubai likae juu ya fremu ya mbao, ncha zikiwa wazi.

Kuhusu usafirishaji ni machache. Kwa barabara, bogi zitenganishwe na sanduku na kila kimoja kipakiwe peke yake. Pima urefu kutoka lami hadi kilele cha paa likiwa juu ya trela, upate kibali cha mzigo usio wa kawaida, na nyaya za umeme zikaguliwe njia nzima kabla ya siku yenyewe. Kreni ikamate sehemu zilizotengenezwa kubeba uzito, juu ya bogi. Ikikamata katikati, sanduku linapinda na milango haitafunga tena.

Paa

Kabla ya kupaka chochote, tafuta panapovuja. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira kutoka nje, akianza chini ya ukingo na kupanda kidogo kidogo, dakika 15 kwa kila mita 3. Ukianza kileleni kila kitu kitalowa kwa pamoja na hutajua tundu ni lipi. Washukiwa wa kwanza ni vitako vya matundu ya hewa, viungo vya mabamba, na sehemu iliyo juu ya vyoo, ambako matangi ya maji yametoka jasho na kuvuja miaka yote. Matangi hayo yabaki matupu.

Paa la chuma lisafishwe mpaka chuma king'ae, lipakwe praima ya epoksi, na viungo vizibwe kwa silanti ya poliyurithani. Usitumie lami. Inaonekana kuziba, ila ikikauka inapasuka nyufa nyembamba, maji yanaingia chini yake na hayatoki. Paa la mbao lenye turubai ni kazi nyingine: vua turubai lote, badilisha mbao zilizooza, paka rangi nzito ya mafuta, na utandaze turubai jipya la pamba rangi ikiwa bado mbichi. Livute kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Vijisumari vya shaba kila sentimita 3, chini ya ukingo tu, kamwe si juu ya paa.

Mfuko wa dirisha

Hapa ndipo mabehewa mengi yanapofia. Kioo hushuka ndani ya ukuta, kwenye uwazi mwembamba, na chini ya uwazi huo kuna tundu za kutoa maji ambazo hakuna abiria aliyewahi kuziona. Mimina lita 1 ya maji polepole ndani ya mfuko huku mwenzako akikinga beseni chini ya behewa. Maji yakitoka yote ndani ya dakika moja, njia ni wazi. Yakitoka matone, ondoa mbao ya ndani na uchokonoe kwa waya: utatoa tope, maganda ya karanga, vizibo vya soda, pengine na tiketi. Tiketi ziweke kwenye bahasha yenye namba ya dirisha. Nazo ni mali ya makumbusho. Tundu zipanuliwe hadi milimita 10, kingo zake zipakwe praima, na jaribio la lita moja lirudiwe.

Ukishafungua ukuta, gonga bamba la nje kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kibuyu kilichopasuka. Kata mpaka ufikie chuma kinacholia, hata kama kiraka kitakuwa mara tatu ya ulichotarajia. Fundi anayechomelea juu ya kutu anachomelea hewa. Tumia bamba la unene uleule wa la zamani. Chomelea vipande vya milimita 25, ukiruka kutoka ncha moja hadi nyingine na kuacha kipoe, la sivyo ubavu utajikunja mawimbi na rangi ya kung'aa itayatangaza. Mbao na nyuzi za ukutani ziwe zimetolewa nusu mita kila upande wa moto, na mtu mwenye maji abaki saa nzima baada ya kazi. Cheche hujificha kwenye vumbi la mbao na kuamka mafundi wakiwa wameshapanda matatu kwenda nyumbani.

Behewa la mita 18 lina karibu mita za mraba 95 za ubavu na ncha. Kwa lita moja kwa mita za mraba 12, kila mkono mmoja wa rangi ni lita 8 na ya kumwagika. Panga praima mikono miwili, msingi mmoja, rangi ya juu miwili: lita 20, 10 na 20. Anza umande ukishakauka, karibu saa tatu asubuhi, na uache saa tisa alasiri kabla mawingu hayajakusanyika. Rangi iliyopakwa juu ya umande hubanduka kama ngozi ya nyoka.

Ndani

Usikwangue mbao za vyumba kabla ya kujua zimepakwa nini. Chagua mahali pa siri, kama nyuma ya kioo cha sinki, na uweke tone la spiriti kwa pamba. Ikinata na kulainika, ni shelaki. Unaweza kuifufua kwa kitambaa chenye spiriti kidogo na shelaki mpya, bila kukwangua. Isipobadilika, jaribu tone la thina: ikiyeyuka ni laka. Ikikataa vyote, ni vanishi ya mafuta, na mara nyingi inatosha kuosha kwa maji yenye sabuni kidogo na kupaka nta. Msasa ni wa mwisho. Unakula mikwaruzo ya masanduku ya abiria, na mikwaruzo hiyo ndiyo historia yenyewe.

Ushauri ambao wafadhili hawaupendi: chumba kimoja kibaki kama kilivyokutwa, kisafishwe tu. Mgeni akiona chumba kilichokamilika na jirani yake aliyechakaa, anaelewa kazi bila maelezo.

Mapazia na mablanketi ya zamani yafungwe mara mbili kwenye plastiki na kukaa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 14 kuua nondo na mayai yao, kisha yakitolewa yakae nje saa 24 kabla ya kufunguliwa ili yasilowe. Kisumu friza za samaki si haba, na ndiyo sababu ya plastiki ya pili. Reksini (ngozi bandia ya viti) iliyopasuka ishonwe na kutiwa kiraka kwa nyuma. Mpya iwekwe pale tu ya zamani imepotea, na ipigwe muhuri wa mwaka upande usioonekana. Kitanda cha juu kifungwe wazi kwa bolti iliyofichwa. Mnyororo wa zamani ubaki kwa macho tu, kwa sababu watoto watapanda hata ukiandika kwa herufi za futi moja.

Nyaya zote za zamani zikatwe kwenye chanzo ziachwe zilipo. Taa mpya ziwe za voltu 24, transfoma ikae nje ya behewa, na saketi iwe na kikata umeme cha miliampia 30, kinachozima umeme unapovuja. Visanduku vya betri viko chini ya sakafu na vimelowa asidi: mwaga gramu 500 za baking soda katika lita 10 za maji, urudie mpaka povu likome.

Sakafu ya behewa iko karibu mita 1.1 juu ya reli, na mteremko wa kiti cha magurudumu wa 1 kwa 12 unahitaji mita 13.2. Korido haitapitisha kiti hicho hata hivyo. Jenga jukwaa pana kwa urefu wa behewa ili vyumba vionekane kupitia madirisha, na hapo kila mtu ataona sawa.

Kila wiki pitia magurudumu na bogi ukitafuta njia za udongo za mchwa. Hupanda chuma usiku mmoja wakielekea mbao za sakafu. Na kila Februari, kabla ya masika, rudia lita moja kwa kila dirisha.